Kipande Ambacho Kirusi Hakikigusi

...na hata hivyo ni sampuli moja tu, alijiambia, macho hayabanduki kwenye skrini ya ukutani, mgonjwa mmoja kati ya wote waliotoa damu, na hakuna aliyeiona, daktari mkuu ameshaipita na sasa amemgeukia yeye, “Haya, Fundi Vairasi, neno lako ndilo tunalolisubiri, tuanze kuwachanja watu au tusianze?” na meza nzima ikacheka, maana jina hilo alikuja nalo kutoka benki, huko alikokuwa akiwinda virusi vya kompyuta kabla watu wa maabara hawajamwita waone kama ujanja wake utafaa kwa virusi vya UKIMWI, na ulifaa, mwizi ni mwizi, kule benki programu za wizi zilibadilisha sura kila kukicha, leo imejifanya risiti, kesho salamu za bosi, ukizifukuza kwa sura utazeeka unakimbia, lakini kila moja ilikuwa na kipande isichoweza kukibadilisha, kile cha kuibia, ikikiacha haiibi tena, basi hapo ndipo unapotega... na virusi hivi navyo ni vinyonga, ila programu yake ililinganisha damu hii na ile mpaka ikapata kipande ambacho havikigusi, vikikigusa vinakufa, na chanjo ikatengenezwa iufundishe mwili kukamata hapohapo, havikigusi kamwe, alisema, mbele ya watu, kamwe, neno gani hilo, nani alimtuma... “Sema ndiyo, dada,” jirani yake wa maabara ananong’ona, “mashine huchafuka,” kumbe naye ameiona, kumbe wako wawili, na kweli mashine huchafuka, lakini kama haikuchafuka basi kipande kimeguswa na kirusi kiko hai, kinapeta, ndani ya mtu... na mdogo wake, kinyozi yule, kitinda mimba wao, jikoni kwa mama, mdomo umejaa mkate, “Dada, nimejiandikisha kuchanjwa, wifi yako amechoka kuniogopea, tunataka mtoto,” akamwambia yale ni majaribio, pengine utachomwa maji matupu, endelea kumeza vidonge vyako vya kinga, unanisikia, naye akacheka, “Nasikia, nasikia, ila wewe ukisema mlango umefungwa, mimi nalala fofofo,” na wifi hakucheka, wifi alimtazama tu, mwenye virusi ni yeye, anajua kinacholala na kisicholala... “Au kuna tatizo?” daktari anauliza, bado anatabasamu, hapana, ndiyo, ngoja, kule benki kengele ikilia hukuuliza imelia mara ngapi, uliuliza nani ameingia, na yeye tangu asubuhi anaomba Mungu sampuli iwe chafu, hajauliza hata kidogo hiyo damu ni ya nani, anaendeleaje, amekonda au anachapa kazi, maana mwizi aliyetupa kifaa chake cha kuibia anaweza kuingia ndani na asibebe kitu, pengine kirusi kile kimepona lakini kimelemaa, kinajikokota, na hapo mtego bado unafaa, maana kuukwepa kunakilemaza, au pengine kimepata njia nyingine kabisa na kinakimbia nayo, hajui, hakuna anayejua mpaka mtu yule atafutwe, damu yake ioteshwe upya, na hiyo si kazi ya leo wala ya kesho, daktari atakunja uso, wafadhili watapiga simu, watasema walimleta mtu wa kompyuta atibu watu... na ajabu, sijui, neno jepesi hivi, sijui bado, tusianze, mdogo wake atamwambia umenivunjia nyumba, mama atapiga simu aulize amemfanya nini mdogo wake, kinyozi atanuna mpaka asipokee salamu, “Fundi?” akavuta pumzi, na anune, alijiambia, kununa huisha.