Jirani wa Kitovu cha Mfalme

Mfalme wetu sikuwahi kumwona hata siku moja, ila kondo yake ya nyuma nimeilinda miaka ishirini na mitano. Iko juu ya kilima cha misonobari nyuma ya nyumba yetu, ndani ya mtungi mweupe, na mtungi umo ndani ya mtungi mwingine, na yote miwili imo ndani ya sanduku la jiwe. Kazi ya ulinzi alipewa baba mkwe, akamrithisha mume wangu Deoksam, nami nikaolewa na mume pamoja na kilima chake.

Ulipoletwa mtungi ule, mtoto mwenyewe hakuwa chochote. Alikuwa mwana wa tatu wa mfalme, tena mgonjwamgonjwa, ndiyo maana wakamtafutia kilima cha mbali kama chetu. Vilima vizuri vya karibu na Hanyang, mji wa mfalme, walikuwa wameshapewa kaka zake. Baadaye yule wa kwanza akafa kwa ndui, wa pili akapelekwa kisiwani kwa sababu ya ulevi na kumtukana baba yake, na mtoto wetu akakalia kiti akiwa na miaka kumi na tisa. Nasema mtoto wetu kwa sababu kilipozikwa kitovu cha mtu ndipo kwao. Mwaka wa njaa alifungua maghala kabla hatujaanza kula magome ya miti. Akajenga tuta la mto. Aligombana na mama yake mpaka nchi nzima ikajua, na alipenda kuwinda kuliko inavyompasa mtu mwenye kifua kibovu. Hakuwa malaika, lakini sisi tuliowahi kuishi chini ya baba yake tulijua tumepata nini.

Sheria ya kilima ni fupi. Hatua mia tatu kuzunguka mtungi hakuna kulima, hakuna kukata mti, hakuna kuzika maiti. Anayezika hukatwa kichwa.

Sisi tulizika. Kila mtu kwetu anajua kwamba baba akilala mahali penye baraka, wajukuu watainuka, na mahali gani pana baraka kuliko pale alipochaguliwa mwana wa mfalme? Baba mkwe alipokuwa anakata roho alimshika Deoksam mkono akasema, "Nimekifagia kilima hiki maisha yangu yote. Mnilaze huko." Mimi nilikataa, na nilikataa kwa sauti. "Baba Bunyi, utatuzika sote," nilimwambia. Hakunisikia. Alimpandisha baba yake mchana kweupe, mgongoni, chini ya mzigo wa kuni, maana mzee alikuwa amekonda akabaki mwepesi kama mtoto. Tukamlaza hatua nne kutoka kwenye mtungi. Makaburini kwa kijiji tukazika bunda la majani makavu lililovikwa sanda, na kijiji kizima kikaja kulililia.

Miaka ishirini na mbili ikapita salama. Vuli hii Mfalme akaanguka kwa kifua. Waganga waliposhindwa, mmoja wao akasema huenda maji au mizizi imeingia kwenye mtungi wake, maana mtungi ukiharibika mwenyewe huugua. Ndipo akatumwa mkaguzi kutoka Hanyang, Bwana Namgung, mtu mwembamba juu ya farasi aliyechoka, na wachimbaji wawili nyuma yake.

Sanduku likafunguliwa. Mtungi ulikuwa mzima na mkavu. Nikashusha pumzi mapema mno, kwa sababu Bwana Namgung akaagiza, "Chimbeni hatua tano kila upande. Nataka kuona mizizi."

Kaskazini, mizizi. Mashariki, mizizi. Upande wa kusini jembe likagota kwenye kitu.

"Mheshimiwa," akasema mchimbaji, "hapa pana mtu."

Bwana Namgung akamgeukia Deoksam. "Mlinzi, huyu ni nani?"

"Baba yangu," akajibu, akapiga magoti. Hivyo hivyo tu. Nimeolewa na mtu mkweli, na ni mzigo mkubwa.

"Sheria unaijua?"

"Naijua, mheshimiwa. Mimi ndiye ninayewatangazia watu kila mwaka."

"Basi unajua kinachokungoja."

Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Nikapiga magoti kando ya mume wangu. "Mheshimiwa, naomba kuuliza jambo la kijinga."

"Haya si mambo ya wanawake."

"Ndiyo maana nikasema la kijinga." Hakunifukuza, nikaendelea. "Baba mkwe alilala hapa vuli ya mwaka wa chui milia, miaka ishirini na miwili sasa. Wakati huo mwenye mtungi alikuwa mwana wa tatu, anakohoa tu. Mwaka haujageuka, akawa mrithi. Uliofuata, mfalme. Miaka ishirini na mmoja ametawala, na adui hajavuka mto wa kaskazini. Sisemi ni kazi ya mzee wangu. Alikuwa mzee wa kawaida, mkoromaji. Nasema tu wamezoeana."

"Unataka niache mifupa hii hapa?"

"Aa, mtoe, sheria ni sheria. Ila mkimtoa leo, na keshokutwa Mfalme akazidiwa, mbingu zipishe mbali, huko Hanyang hawatauliza nani alizika zamani. Watauliza nani amechimbua juzi."

Mchimbaji mmoja akaweka jembe chini polepole, akarudi nyuma hatua tatu.

 Bwana Namgung akawaambia wachimbaji wateremke wakanywe pombe ya mchele nyumbani kwangu. Walipoondoka akakunja mikono ya joho lake, akashika jembe, akaanza kufukia. Deoksam akainuka kumsaidia.

"Kaa hapo," akamwambia. "Wewe umeshachimba vya kutosha."

Alipomaliza alikuwa anahema. "Nitaandika kwamba mtungi ni mzima na mkavu, na huo si uongo. Mfalme akipona, sikuona kitu. Akifa, watatuma mwingine, nami sitakuokoa."

"Na wale wachimbaji?" nikauliza.

"Wao ndio walioshika majembe. Wanaogopa kuliko mimi."

Siku nane hakuna mtu katika nchi hii aliyemwombea Mfalme kama mimi. Deoksam hakula. "Mama Bunyi," akaniambia, "akifa, useme hukujua kitu."

"Nani ataniamini? Kijiji kizima kinajua hapa hakifanyiki jambo kabla sijalipinga."

Siku ya tisa upatu wa wilaya ukalia. Tarishi akatangaza kwamba Mfalme ametoka kitandani, amekula uji wa mbegu za msonobari, amedai nyama ya ng'ombe, na amemtukana mganga aliyemnyima. Nilikuwa natia figili chumvi. Nilikaa chini palepale uani, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Deoksam hakucheka. Alichukua kibuyu cha pombe akapanda kilimani, mchana, bila mzigo wa kuni mgongoni. Miaka yote hiyo alikuwa amelilia majani makavu mbele za watu. Sasa akamimina pombe chini, akainama mara mbili, akamlilia baba yake pale alipo, kwa sauti yake yote, hata sauti ikashuka mpaka kijijini.

Majirani wakatoka nje kusikiliza, wengine wakaanza kujifuta machozi. Mkuu wa kijiji akaniambia hajapata kuona mtu anayempenda Mfalme wake kiasi hicho. Nikasema ni kweli, nikaziacha figili, nikapanda kwenda kupiga magoti kando ya mume wangu.