Pijo Iliyokatwa Paa

Anania Silwimba alikuwa wakala wa forodha, tena mzuri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha magari ya watu wengine yanavuka mpaka wa Tunduma bila kukwama, na aliifanya kwa miaka mingi akiwa na shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Boneti la gari alikuwa hajui hata linafungukia upande gani. Kwa hiyo siku alipotangaza mezani kwamba ameamua kujenga pikapu ya kizamani kwa mikono yake mwenyewe, pale pale nyumbani Chapwa, kwa gharama ndogo, mke wake Marita aliendelea kula ugali wake. Alidhani ni homa, na homa huwa zinapita.

Hii haikupita, maana ilikuwa imetokea kwenye simu. Huko kwenye simu kulikuwa na mzungu mmoja mwenye ndevu ndefu na gereji kubwa kuliko kanisa lao. Mzungu huyo huchukua pikapu ya kale, huikata paa iwe fupi, huishusha mpaka ikaribie kulamba barabara, huitia injini kubwa na mabomba yanayonguruma, kisha huondoka nayo akipunga mkono. Video yenyewe haizidi dakika kumi. Anania akapima kwamba kama mzungu anamaliza kwa dakika kumi, yeye akienda taratibu, na mapumziko ya chai, angemaliza kabla ya Pasaka. Hakutaja Pasaka ya mwaka gani.

Gari alilipata Isansa, kwa mkulima wa kahawa anayeitwa mzee Osea. Ilikuwa Pijo 404 iliyobeba kahawa enzi zake, na baada ya enzi hizo ikakaa nyuma ya ghala mpaka mti wa mpera ukaota kupitia pale palipokuwa na injini. Marita alikwenda kuiona, kwa sababu mwanamke mwenye akili huenda kujionea msiba wake mapema. Alikuta milango miwili, viti hakuna, na kwenye kiti cha dereva kisichokuwepo, kuku amelalia mayai. Mzee Osea alikubali kuuza gari bila kusitasita. Kuku ndiye aliyeleta mjadala. Mwishowe wakaafikiana kuku apande na mayai yake, na Pijo ikavutwa kwa kamba hadi Chapwa. Marita aliwaambia majirani waliotoka kutazama kwamba katika gari lile zima, anayefanya kazi ni kuku peke yake.

Ua wao haukuwa mkubwa. Kulikuwa na karo la kufulia, kamba za nguo na ile Kirikuu ya Marita, kigari kidogo cha mizigo alichokuwa anakiendesha mwenyewe kupeleka vitenge dukani kwake mjini. Pijo ilipoingia, kamba za nguo zilihamia mbele ya nyumba, na Kirikuu ikalala nje ya geti. Anania aliahidi kwamba ni kwa muda mfupi tu. Alikuwa ameshanunua ovaroli mpya ya bluu, akaivaa akapigwa picha, na siku ile kazi ikaishia hapo.

Bahati yake alikuwa na rafiki, Makame, fundi wa kuchomelea. Makame alitoka Pemba miaka mingi iliyopita akiwa njiani kwenda Lusaka, akafika Tunduma akakuta foleni, akakaa mpaka leo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mashine yake ya kuchomelea na udhaifu mmoja: hakuwahi kumwambia mteja kwamba jambo haliwezekani. Ukimwambia Makame unataka baiskeli yenye ghorofa, atakuuliza ngazi unaitaka upande gani.

Wakaanza na injini. Anania alitaka V8, na aliwatangazia watu wote mtaani kwamba anajenga V8. Kwa kuwa V8 wanayoijua watu ni lile gari la wakubwa serikalini, mtaa mzima ukaanza kumwita Mheshimiwa. Injini akaitafuta Nakonde, ng'ambo upande wa Zambia, kwa muuza vyuma chakavu mmoja mchangamfu aliyemwapia kwa heshima zote za Kibemba kwamba hii ndiyo V8 yenyewe, mukwai, imetoka kwenye gari la bosi. Ikavushwa mpaka kwa karatasi zote halali, maana kwenye karatasi Anania hakuwa na mpinzani. Ilipofika uani Makame akaizunguka, akahesabu plagi. Zilikuwa nne badala ya nane. Anania akampigia simu muuzaji, naye akamjibu bila hata kukohoa kwamba nyingine ziko kwa ndani. Ilikuwa injini ya Hiace. Majirani hawakuambiwa, na cheo cha Mheshimiwa kikaendelea.

Kisha wakakata paa. Jambo hili Marita alilishuhudia kuanzia mwanzo, amekaa kwenye ndoo akichambua maharage. Anania aliingia ndani ya Pijo, akakaa chini sakafuni, kwani viti havikuwepo, akanyoosha mgongo, akamwambia Makame apime pale kichwa kinapoishia na kuongeza vidole viwili vya hewa. Makame akapima, akakata nguzo zote, akashusha paa, akachomelea. Lilipendeza, Marita mwenyewe hakuweza kubisha. Lilikuwa na sura ya mtu aliyevuta kofia usoni. Alitaka kuuliza viti vitakaa wapi, lakini siku hiyo Anania alikuwa na furaha sana, na yeye alikuwa na maharage mengi.

Mambo mengine yalikuja kwa mtindo huo huo wa kubana matumizi. Magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye Landkruza, makubwa, ya mbele kwenye kigari cha mjini, madogo, kwa hiyo Pijo ikawa muda wote inaonekana kama inateremka mlima. Mabomba ya moshi yalikuwa ya lori. Viti viwili vilitoka kwenye basi lililostaafu, na vilikuja na miguu yake yote ya chuma. Rangi ndiyo iliyowashinda, maana Anania alitaka nyeusi isiyong'aa, kama ya mzungu, na nyeusi ya namna hiyo ikawa bei juu. Akagundua kwamba rangi ya mbao za shule ni nyeusi, haing'ai, na ni rahisi. Akaipaka gari zima. Kesho yake watoto wa mtaa wakagundua kitu kingine kuhusu rangi ya mbao za shule, na kuanzia hapo Pijo ikawa haikosi hesabu za kuzidisha mlangoni na jina la mtu aliyepiga kelele.

Marita aliuliza swali moja tu katika miezi yote ile. Aliuliza kama breki zipo. Anania na Makame wakatazamana, kisha Makame akasema, kwa upole wake wote, kwamba shemeji ameuliza jambo la msingi. Breki zikafungwa wiki iliyofuata, mpya kabisa, na Marita mwenyewe ndiye aliyezileta kutoka mjini.

Basi kukawa na harusi Igamba. Grace, mtoto wa kaka yake Anania, alikuwa anaolewa Jumamosi, na Anania alikuwa ameapa mbele ya ukoo kwamba atafika na Pijo. Familia ya bibi harusi, kwa busara, ilishakodi gari jeupe la maharusi, ikamwachia Anania kubeba zawadi: kabati, godoro na kreti za soda. Asubuhi ile vitu vikapangwa nyuma, vikafungwa kamba. Anania akatoka ndani amevaa suti, akafungua mlango, akaingia kuketi juu ya kile kiti cha basi kwa mara ya kwanza tangu kifungwe.

Hakuenea.

Alijaribu kuingia kichwa kwanza, akajaribu kuingia makalio kwanza. Alipofanikiwa kukaa, kichwa chake kilikuwa kimelala begani na jicho moja limebanwa na paa, na alichokiona mbele ni waipa tu. Makame akaombwa ajaribu yeye. Usukani ukamkaa tumboni, ukakataa kuzunguka. Marita, aliyekuwa amesimama pale na gauni lake la harusi na viatu mkononi, akapendekeza waende na Kirikuu. Ndipo mume wake alipotazama chini na kusema kwamba betri ya Kirikuu aliitoa jana, kwa sababu Pijo haikuwa na betri.

"Na vile vichwa vya nyaya za betri?" Marita akauliza.

"Navyo," akasema Anania.

Marita alikuwa mfupi. Shuleni alikaa mbele, kanisani kwenye kwaya alisimama mbele, na katika picha za ukoo huwekwa mbele na watoto. Akavaa viatu, akaingia ndani ya Pijo bila hata kuinama, akakaa. Kioo kilimfika usoni kama kilichopimwa kwa ajili yake, na paa likamwachia nafasi hata ya kilemba. Akaangalia mbele, akaangalia vioo vya pembeni, akamwambia mume wake apande upande wa pili kabla soda hazijapata moto.

Ilipowashwa, mbwa wa mtaa mzima walinyamaza. Wakaingia barabara kuu, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo yamepanga foleni kama kawaida, na madereva waliokuwa wakipika chai kando ya matairi wakasimama na vikombe mkononi. Mmoja akapiga honi, wengine wakamfuatia. Anania alitaka kupunga mkono, ila mkono ulikuwa umenasa kati ya shingo na dirisha. Marita akapunga kwa niaba yake. Walipoupita mji mdogo wa Mpemba barabara ikawa wazi, akakanyaga mafuta kidogo kusikia itasema nini, ikanguruma, akakanyaga tena. Mbele yake kulikuwa na basi. Akalipita. Alikuwa ameendesha Kirikuu miaka yote hiyo, na hakuwahi kulipita hata trekta. Akajikuta anacheka peke yake, na mumewe akauliza kutoka begani kwake kuna nini, naye akasema hakuna kitu.

Kabla ya Vwawa askari wa barabarani akawasimamisha. Alizunguka gari lote kwa adabu, kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua tabia. Akauliza ni gari aina gani. Anania akaanza kueleza habari za mwaka wa kutengenezwa na mpango mzima, na askari akamwambia kwamba swali lake lilikuwa kwa dereva.

"Ilikuwa Pijo, afande," akasema Marita. "Sasa hivi bado tunaichunguza."

Askari akapima breki, akaziona nzuri kuliko za basi lililotoka kupita. Akawaambia Jumatatu waipeleke kukaguliwa. Halafu akainama mlangoni, akawaambia kwamba saba mara nane si hamsini na nne, akawaruhusu.

Igamba walifika gari jeupe likiwa bado halijatokea, kwa hiyo shangwe zote zilizokuwa zimeandaliwa kwa bibi harusi zilimwangukia Marita. Mshereheshaji, asiyejua lolote, akatangaza kwenye spika kwamba mama mdogo wa bibi harusi amewasili na gari lake alilolijenga nyumbani, na wanawake wakalizunguka kwa vigelegele. Anania alishuka upande wa pili, taratibu, na kichwa chake kikabaki kilivyokuwa. Hakikunyooka. Shangazi yake alimkalisha, akamchua kwa dawa ya mgongo, na katika picha zote za harusi ile Anania anaonekana ameinamisha sikio, kama mtu anayewasikiliza maharusi kwa makini kuliko wote.

Jumapili alishinda akiikanda shingo. Jumatatu waliipeleka Pijo kwenye ukaguzi, wakapewa cheti baada ya kufunga taa za nyuma, na Marita akaenda dukani. Aliporudi alasiri alimkuta Makame uani, ameshika mashine ya kukatia, na Anania amesimama kando yake na chaki, anaweka alama kwenye nguzo za paa. Walitaka kulipandisha.

"Makame, zima hiyo," akasema Marita.

Makame akazima. Anania akasema, bila kumtazama, kwamba gari ni lake.

"Ni lako. Sijalikataa. Lakini hilo paa ndilo gari lenyewe. Ukilipandisha utabaki na Pijo ya kubebea kahawa."

Anania akakaa kwenye kreti, akaigeuzageuza ile chaki. Akasema kwamba tangu aanze kazi mpakani amepitisha maelfu ya magari. Mapya, yenye nailoni kwenye viti. Ameyagongea mihuri, ameyaombea njia, yamekwenda kwa wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpungia mkono. Alitaka apite na lake, mara moja, watu watazame.

Marita hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa na maneno ya kejeli tayari mdomoni, mazuri, ya kutosha jioni nzima, akayaacha. Alivuta ndoo akakaa karibu naye. Kisha akamuuliza Makame kama kile kiti cha abiria kinaweza kukatwa miguu.

Makame akasema inawezekana, tena hata sasa hivi, na je, shemeji anataka kipungue kiasi gani.

Wakakikata mpaka kikakaa sakafuni. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, waliotembea barabarani waliiona Pijo nyeusi ikishuka polepole kuelekea mpakani, ikipita kando ya malori yaliyojipanga. Usukanini alikuwepo mwanamke mwenye kilemba. Upande wa pili walichoona ni paji la uso, macho mawili na mkono mrefu uliotoka dirishani, ukimpungia kila mtu, wakiwemo wale ambao hawakuwa wakitazama.