Mzigo wa Nani

Mwalimu Ngassa alikuwa amechoshwa na kidato cha tano. Walichota insha mtandaoni, wakazileta kama zimetoka vichwani mwao, hata aibu hawana. Basi akabuni mchezo, akauita Mpagazi. Mwanafunzi anajitwika boksi tupu la sabuni juu ya ngata ya kanga, na ndani ya boksi mna sentensi moja kutoka kwenye insha yake ya historia. Anapita kati ya madawati, na njiani wamekaa watani, wenzake wenye midomo mikali, wanaomzuia: "Mzigo wa nani?" Akitaja mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa, anapita. Akikwama, anafungwa kamba ya katani mkononi, na hafunguliwi mpaka amtaje mwenye mzigo.

Darasa lilicheka mpaka la jirani likagonga ukuta. Najiat naye alicheka, tena sana, hadi zamu yake ilipofika.

Sayi, aliyejipa ukubwa wa watani, alichomoa karatasi kwenye boksi akaisoma kwa mbwembwe: "Tulimwogopa aliyekuja kutufungua kamba kuliko aliyekuja kutufunga."

Kicheko kilififia. Insha ilihusu misafara ya watumwa kutoka Ujiji hadi Tabora, na kila mtu alielewa. Aliyefunguliwa njiani ni yule aliyeshindwa kutembea, na hakuonekana tena.

"Mzigo wa nani?" Sayi aliuliza.

Najiat aliliweka sawa boksi kichwani. Nani alimtuma kuiandika? Maneno yale alipewa na bibi yake chumbani, mlango umefungwa, redio imewashwa makusudi ili sauti isitoke. Bibi naye alipewa na bibi yake, aliyeipita njia ile akiwa mtoto, akaishia kuwa kijakazi katika nyumba moja ya hapa hapa Tabora. Bibi alimpa Najiat hata jina la yule mtoto, jina la kwao, kabla hajabandikwa jingine. Kisha akamshika sikio: lisitoke humu.

Sababu ya kulificha ilikuwa imekaa dawati la tatu. Maua alikuwa mdogo wake Sabiri, na Sabiri alikuwa amuoe Zuwena, dada yake Najiat, mwezi ujao. Kwa kina Sabiri watu huulizwa ukoo kabla ya mahari. Posa ya kwanza ya Zuwena ilivunjwa na mnong'ono mmoja tu, kwamba watu hawa asili yao haieleweki, na Zuwena akajifungia ndani hata chakula hataki. Familia isingestahimili mara ya pili.

"Mfungeni!" darasa lilipiga kelele. "Kaitoa kwenye akili mnemba huyo!"

Aliyekuja na kamba ni Maua mwenyewe. Alimfunga kwa furaha, fundo juu ya fundo. "Sema tu, wifi yangu, usijitese."

Mwalimu Ngassa alisogea. Alikuwa mtu mwema, na wema wake siku hiyo ulikuwa msiba. "Najiat, kutaja ulikotoa si aibu. Kama ni mzee wako kakusimulia, huyo naye ni chanzo halali. Taja jina, mahali, siku mliyozungumza. Usipotaja, insha ni sifuri na nakupeleka kwa mkuu wa shule."

Najiat alitamani kulitaja lile jina. Lilikuwa limefika kooni. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anamwambia kwamba yule mtoto wa njiani ni chanzo halali, anafaa kuandikwa kama wanavyoandikwa wenye vitabu.

"Mzee wake?" Maua alidakia, akicheka bila ubaya wowote. "Kwani kwao kuna watumwa?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Nimenakili, mwalimu," alisema Najiat. "Mtandaoni."

"Nani kaandika?"

"Hapakuwa na jina."

Mwalimu alimfungua kamba kwa mikono yake. "Mpigieni makofi! Amekiri. Hivi ndivyo nataka." Kisha akampa chaki, amwonyeshe kila mtu namna ya kutaja chanzo kisicho na mwenyewe. Najiat akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa siku zote: Mwandishi hajulikani. Makofi yakapigwa tena, naye akarudi kukaa huku amejaa hasira asiyojua ampelekee nani.

Nyumbani alimkuta bibi anachambua mchele ukumbini. Alimwamkia, akaitikiwa, akamweleza yote.

Bibi alishusha pumzi ndefu. "Umenisitiri, mjukuu wangu. Umemsitiri na dada yako." Akaendelea na mchele. Baadaye kidogo akauliza, bila kuinua macho, "Na yeye mwenye maneno wamemwandikaje?"

"Hajulikani, bibi. Nimeandika mwenyewe."

Mkono wa bibi ulisimama kwenye ungo. Aliutazama mlango uliokuwa wazi, akaitazama redio iliyozimwa, na machozi yakamlenga. "Anajulikana," alisema. "Mimi namjua. Alikuwa akiitwa—"

"Hodi wenyewe!"

Mama yake Sabiri alikuwa ameshavua viatu kizingitini, mkononi kabeba kitambaa cha bibi harusi. Bibi alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Karibu, karibu ndani."

"Nimewakatiza," alisema mgeni akikaa. "Mlikuwa mnamzungumzia nani?"

"Hakuna," alisema bibi. "Hakuna mtu."