Namba Tano Bado Hajafika

Kamati imeniomba niandike historia ya uwanja wa mbio za farasi wa pale ufukweni, kurasa kumi pamoja na picha. Kurasa kumi za nini? Uwanja ule umewahi kuwa na mbio moja tu, na zilichukua miaka kumi na tisa.

Siku ya ufunguzi walikimbia farasi wanane. Namba Tano alipofika kwenye kona aliyaona maji, akaacha wenzake waendelee, akaingia baharini na mpandaji wake mgongoni. Mpandaji alirudi saa ile ile kwa miguu, amelowa chapachapa, akaacha kazi akawa kinyozi. Farasi hakurudi.

Sasa, kanuni za uwanja aliziandika baba yangu, mwamuzi, harakaharaka, karatasi ikiwa gotini. Kanuni ya tisa inasema mbio haziishi mpaka namba zote zivuke mstari. Kamati ilisoma, ikakuna kichwa, ikakubali. Baba akavuta kiti mpaka mstarini, bendera mkono huu, saa ya kupimia mbio mkono ule, akasubiri. Farasi aliyetangulia alikufa kwa uzee bila kupewa kombe lake.

Mama, fundi cherehani, alitaka kitu kimoja tu: mumewe ale chakula cha mchana nyumbani. Chakula nilimpelekea mimi kwenye bakuli lenye mfuniko, na kila siku baba aliniambia nisogee, namzibia bahari. Nilimchukia kwa hilo, sifichi.

Mwaka huu daktari alimwambia mama kwamba moyo wake umechoka. Mama hakumwambia baba. Aliketi kwenye cherehani, akashona kitambaa kipya chenye namba tano kwa uzi ule ule mweupe aliozishonea namba zile nane za mwanzo. Asubuhi akaingia baharini mpaka kiunoni, akatoka akitembea polepole, kitambaa amekifunga mgongoni. Alisimama hatua moja kabla ya mstari.

"Mama watoto, unafanya nini?" baba aliuliza.

"Nafika."

"Farasi yuko wapi?"

"Kanuni yako imetaja farasi?"

Baba alitoa kijitabu chake, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akamzunguka mama akaukagua mshono, maana kazi ni kazi. Ulikuwa mshono wenyewe.

"Haya, pita," alisema.

Mama akapita. Baba akashusha bendera, akabonyeza saa.

"Umechelewa sana," alimwambia.

"Nani, mimi?"

Tulirudi nyumbani watatu. Baba alisimama katikati ya jikoni, akafungua kabati hili na lile, halafu akauliza sahani huwa tunaziweka wapi. Mama, ambaye hakuwa amelia kwa daktari wala baharini, alimwonyesha kwa kidole, akaketi, akaanza kulia.