Kitanda cha Chaki

Jumatano saa nne asubuhi, Professora Natália aliinama akachora kitanda kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, katika chuo kidogo kando ya ghuba ya Tungue. Ratiba ya shahada ya famasia ilitaka saa kumi na mbili za huduma ya wagonjwa mahututi, na hospitali ya jirani haikuwa na kitanda cha mahututi hata kimoja. Sasa wanafunzi wafundishwe wapi, hewani? Alichora na mito miwili, maana chaki haina uchoyo.

Bi Saquina aliingia, akavua viatu mlangoni, akajilaza juu ya chaki. Alikufa Ramadhani ya mwaka juzi. Mwanawe Amido, aliyekaa dawati la mbele, alimwekea mkoba chini ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya someni, nina safari."

Mapigo ya moyo wake yalisikika ukutani. Presha yake ikajiandika ubaoni: sitini kwa thelathini, ile ile ya siku aliyokufa. Siku hiyo mtu wa zamu hakujua hesabu ya kuchanganya dripu ya kupandisha presha, na alipokuwa akipekua kitabu, mama wa watu akaenda zake. Amido alikuwa amemshika mguu. Alijiandikisha famasia kwa ajili ya hesabu hiyo moja, nyingine zote aliwaachia wenzake.

Natália aliagiza mgonjwa apimwe uzito. Mizani ikasema sifuri. Dozi huzidishwa kwa kilo, basi darasa zima likapata sifuri, na presha ikaanza kushuka.

"Hesabu gani hiyo, jamani!" Bi Saquina alicheka. "Wafu hatuna kilo. Wekeni zile nilizokufa nazo, hamsini na mbili."

Amido aliandika, akafuta, akaandika tena. Natália alikagua mara mbili.

"Está certo. Sawasawa kabisa."

"Basi niletee, mwanangu," alisema mama.

Amido alikimbia hadi stoo ya dawa ya hospitali. Inácio, mtunza stoo, alimfungulia kabati. Ndani mlikuwa na fomu tatu za kuombea dawa hiyo, zote zimegongwa muhuri. Dawa yenyewe haikuwahi kufika.

"Hata mwaka juzi?"

"Hata mwaka juzi."

Aliporudi, mama yake alikuwa ameketi, anajifunga kanga.

"Haipo, mama." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Najua, baba. Lakini hesabu umeipata."

Akavaa viatu, akaaga, akaondoka.

Jumatano iliyofuata, kabla ya kipindi, Amido alijaza fomu ya nne. Penye uzito wa mgonjwa aliandika hamsini na mbili. Inácio aliigonga muhuri, akaiweka juu ya zile tatu, akafunga kabati. Amido akaenda kuchora kitanda.