Pointi Kumi na Tisa za Cordell

Uvumi ulimkuta Ernestine Pruitt akiwa amelaza kichwa kwenye beseni la saluni ya Velma, povu limejaa masikioni, na hata povu halikumsaidia. Redioni alikuwa Haverty, bwana ambaye kwa miaka thelathini amekaa kitini akiwakosoa wanaume wanaokimbia. Alisema timu ya mpira wa kikapu ya Toledo huenda ikamtoa Cordell Pruitt kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri, dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa. Na wakimtoa watapewa nini? Haki ya kuchagua chipukizi mmoja, miaka saba ijayo.

"Miaka saba!" Velma akaguna. "Basi huyo chipukizi sasa hivi yuko darasa la sita. Dada Ernestine, mwanao anabadilishwa na mtu ambaye bado anafichwa peremende."

"Osha nywele, Velma."

"Si naosha? Nasema tu. Pointi tatu kwa mechi! Hata mimi na goti langu hili..."

"Goti lako hata basi haliwahi."

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa Ernestine aliyesema. Uvumi ule ulimganda kama kupe. Akaenda nao sokoni, akaenda nao kanisani, akarudi nao nyumbani. Renata, mke wa Cordell, alikuwa anatarajia kujifungua mwezi wa Aprili. Chumba cha mtoto kilikuwa kinapakwa rangi ya manjano, mitaa miwili tu kutoka kwa Ernestine, naye alikwisha kuchagua kiti atakachokalia akimbeba mjukuu. Cordell akitolewa, mjukuu atazaliwa wapi? Timu za nchi hii zimetawanyika kama punje zilizomwagwa na mtu mwenye hasira.

Jumanne jioni akabeba sufuria ya mboga za majani zilizopikwa na nyama ya bata mzinga ya kukaushwa kwa moshi, akaenda kwa mwanawe.

"Mwanangu, rusha mpira kikapuni."

"Mama, kazi yangu si kurusha."

"Kazi yako ni ipi?"

"Kocha kanipa tatu. Nimkabe mfungaji wao. Nisimame njiani mwa wanaomkaba Mack ili apate upenyo. Nikiupata mpira, niutoe haraka."

"Kusimama njiani! Hata nguzo ya taa inasimama njiani, na haijaoa."

Cordell akacheka, akachota mboga. "Kocha anasema..."

"Kocha!" Kocha Dombrowski alikuwa mzee mkimya ambaye jiji zima lilikubaliana kwamba hajui kitu. Timu ikishinda, ameshinda Mack, yule nyota. Ikishindwa, ameshindwa Dombrowski. Hesabu haina haja ya shule. "Unadhani anayekuuza ni nani, kama si huyo huyo? Watu wanahesabu pointi, mwanangu. Hakuna anayehesabu kusimama."

Ajabu ni kwamba Ernestine mwenyewe alipika miaka ishirini na sita katika jiko la shule. Humo alikuwamo Odessa, ambaye hakupika hata yai. Alifuta trei tu, akazirudisha mwanzo wa foleni. Hakuna mtoto aliyewahi kumsifia Odessa. Wiki aliyougua, watoto mia nne walipata chakula cha mchana wakati wa kwenda nyumbani. Ernestine aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini ya jikoni aliyaacha jikoni.

Jumatano ikawa mechi. Cordell ni mtoto mwenye heshima, na hilo ndilo lililomponza. Akatii. Alirusha wa kwanza, ukaingia. Ernestine akasimama. Akarusha wa pili, ukaingia. Uwanja ukaanza kuliimba jina lake. Velma, aliyekaa kiti cha nyuma, akapiga kelele: "Siku zote nilisema huyu ana kipaji!" Alisema lini, Mungu ndiye anayejua.

Mpaka mwisho Cordell alikuwa na pointi kumi na tisa. Mack hakuona upenyo hata mmoja, maana aliyepaswa kusimama njiani alikuwa anarusha. Na yule mfungaji wa wageni, ambaye Cordell alipaswa kumkaba, alikiendea kikapu kama mtu anayeliendea friji lake mwenyewe, akafunga arobaini na moja. Toledo wakalala kwa pointi ishirini na nne. Lakini hayo nani aliyatazama?

"Kumi na tisa!" Haverty akalia redioni. "Mtu huyu alifichwa wapi? Dombrowski ameikalia lulu!"

Katika ujia ambamo familia husubiri wachezaji, Dombrowski alipita na koti lake mkononi. Ernestine akamzibia njia, kidevu juu.

"Kocha, sasa umemwona mwanangu?"

"Namwona kila siku, Bi Pruitt." Mzee akajifikicha macho. "Ile habari ya chipukizi ilikufa Jumatatu. Niliwakalisha wakubwa wa timu mbele ya kanda za mechi, nikawaambia: mtazameni Cordell anapotoka, mhesabu tunafungwa ngapi. Wakahesabu, wakaachana nayo. Alikuwa salama kwa sababu huko nje hakuna aliyejua anafanya nini."

"Mbona redio ilisema..."

"Redio." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kinywani. "Leo kila mtu kaona pointi. Kesho italetwa bei ambayo mimi sitasikilizwa nikiikataa. Usiku mwema, Bi Pruitt."

Alhamisi, saa nane na dakika arobaini, simu ikalia.

"Boise, Mama. Idaho."

Ernestine akakaa. Boise walikuwa wa mwisho kwenye msimamo, na huko si mitaa miwili, ni safari ya ndege.

"Wanasema wananitaka nirushe," Cordell akasema polepole. "Mimi si mrushaji, Mama. Wewe unajua."

Alijua. Miaka kumi na minane alimwona akirusha soksi kwenye kapu la nguo chafu, na miaka kumi na minane alizizoa sakafuni.

Toledo walipoteza mechi tisa kati ya kumi na moja zilizofuata. Jiji likafanya uchunguzi wa kina, likagundua kosa ni la Dombrowski, akafukuzwa mwezi wa Machi. Boise wakamchosha Cordell kwa kurusha, kisha wakachoka naye, wakamkalisha benchi. Haverty akakumbusha kwamba tangu mwanzo yeye alisema zile kumi na tisa ni bahati tu.

Mtoto alizaliwa Aprili, wa kike. Ernestine alimwona kwenye simu ya Velma, kichwa chini miguu juu, mpaka Velma alipoigeuza. Kule kwenye chumba cha manjano kilibaki kiti, na ngazi ya fundi wa rangi.

Basi, mama mwenye mtoto ambaye kazi yake haionekani, aepuke haya:

Kusikiliza redio akiwa na kichwa ndani ya beseni.

Kumpima mwanawe kwa kitu ambacho hata Velma anaweza kukihesabu.

Kumfundisha kazi mtu aliyekwisha kufundishwa na mwenye kazi.

Kumlaumu kocha kabla ya kumuuliza amekataa nini.

Kupeleka sufuria ya mboga yenye ushauri ndani.

Kushangilia kabla ya kuutazama ubao wa matokeo.

Kuchagua kiti kabla ya Alhamisi saa tisa.