Ushuhuda wa Mama Marceline

Mdomo huponza kichwa, lakini wa Mama Marceline uliponza nyumba nzima.

Kiwanja kile cha mjini Likasi alikinunua yeye mwenyewe, kwa pesa ya mwisho ambayo mgodi ulimlipa marehemu mumewe. Kwa kuogopa ndugu za mume wasije kumnyang'anya, akakiandikisha kwa jina la mtoto wake, Rolly. Hapo simlaumu, wajane wangapi wamefanya hivyo! Baadaye Rolly akaanza safari za Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akasimamisha hapo nyumba ya vyumba sita. Mama alijua mtoto hana kazi. Alijua, akanyamaza, akaita baraka.

Jumapili moja, siku ya Mungu, akasimama kanisani, akashika mikro.

"Miye mujane, sikuleta hata musumari! Kiwanja, nyumba, byote Mungu alipitisha ku mukono ya Rolly!"

Watu wakaruka kwa vigelegele. Mawee, utamu aliousikia! Kutaja pesa ya marehemu kungepunguza muujiza, basi akaimeza. Jessy wa kwaya alikuwa anafilimu na simu, na video ikazunguka mji mzima.

Rolly alipokamatwa na magunia ya bangi, akafungwa, na tribinali ikaamua kutwaa mali yote iliyotoka katika biashara ile. Marceline akalia mbele ya jaji kwamba kiwanja ni chake. Karatasi zilikuwa na jina la Rolly. Kisha wakafungua video ile ya kanisani.

"Ni sauti yako, mama?" jaji akauliza.

"Ni yangu."

Leo asubuhi Lambert, karani wa tribinali, amekuja na kufuli. Yeye na Marceline wanasali kanisa moja. Marceline amekaa juu ya godoro lake nje ya geti, anajuta: angemuuliza Rolly mara moja tu pesa inatoka wapi, mara moja tu!

"Mama," Lambert akasema polepole, "siku ile nilikupigia makofi. Niambie kweli. Kiwanja ni ya nani?"

"Ni yangu, Lambert. Kwa jaji sikudanganya."

"Sasa kanisani?"

Marceline akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kanisani njo nilidanganya."

Lambert akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika. Kisha akajitwika godoro la mama, wakashuka naye mpaka barabarani.